Mpe Mtoto Shida ya Msanii, Usimpe Picha ya Kunakili

Mzazi anayesomesha watoto wake nyumbani akitafuta kazi za sanaa mtandaoni, aghalabu hupata kitu kimoja: picha maarufu iliyogeuzwa mistari myeusi, mtoto aipake rangi, kisha aandike chini jina la mchoraji na mwaka aliozaliwa. Karatasi inabandikwa ukutani, somo limekwisha. Alichobaki nacho mtoto ni jina gumu kutamka. Kupaka rangi ndani ya mistari ya mtu mwingine ni zoezi la vidole, na kwa mtoto wa miaka minne halina ubaya. Ila lisiitwe somo la mchoraji Van Gogh.

Wasanii wengi wanaosifiwa leo walikuwa na shida ya kazi mbele yao: mwili uliokataa kusimama, ubao usiosamehe kosa, pembe ambayo nakshi haitaki kuizunguka, taka zilizojaa mtaani. Namna kila mmoja alivyoitatua shida yake ndiyo tunayoita sanaa yake. Mpe mtoto shida hiyo, mpe na vifaa vinavyopatikana hapa kwetu Lamu, halafu umwache. Atatoa kitu kisichofanana na cha msanii, nawe usikisahihishe.

Kazi zilizo hapa chini zimechaguliwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni vifaa. Hakuna kitakachokulazimu kuagiza Nairobi. Vingine viko jikoni, vingine pwani, na vilivyobaki ni vya duka la vitabu au duka la vifaa vya ujenzi.

Kamba kabla ya rangi

Simu ina hila: inazifanya kazi zote ziwe na ukubwa mmoja. Mtoto anaona Wimbi Kuu la Mjapani Hokusai na mchoro wa Mfaransa Seurat wa Jumapili kando ya mto, vyote vikiwa sawa na kiganja chake, na tayari amepotoshwa. Wimbi la Hokusai lina upana wa takriban sentimita 38 na kimo cha sentimita 26 hivi, yaani halijazi hata karatasi ya A3. Kazi ya Seurat, aliyoifanya kati ya 1884 na 1886 kwa vidoa vidogo vya rangi, ina kimo cha mita 2 na upana wa mita 3. Konokono wa Matisse wa mwaka 1953, ambaye kwenye simu anaonekana kama kadi ya Idi, anakaribia mita 2.9 kila upande.

Kwa hiyo anza na chaki au kamba sakafuni. Piga mstatili wa ukubwa halisi, waache watoto walale ndani yake, wahesabu wanaenea wangapi. Ni jambo la dakika tano. Kisha onyesha picha, moja tu kwa somo zima, nao waitazame kimya kwa dakika mbili. Swali la kwanza lisiwe "unaona nini?", kwa sababu watakutajia vitu: mti, mtu, mbwa. Uliza, "Fundi alianza wapi?" Hapo wanalazimika kufikiria mkono uliofanya kazi, na mabishano yao yatakuonyesha nani ameelewa.

Matisse na mkasi

Henri Matisse, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1869, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941. Alipona, lakini baada ya hapo alikuwa mtu wa kitandani na kiti cha magurudumu, na kusimama mbele ya turubai kwa saa nyingi kukawa kazi ngumu. Akashika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi bapa, yeye akazikata moja kwa moja bila kuchora kwanza, wao wakazipachika ukutani kwa pini huku akiwaelekeza: juu kidogo, geuza, toa kabisa. Vipande vingine vilihamishwa mara nyingi kabla ya kuguswa na gundi.

Kwa Lamu, usianze na zile kazi zake za rangi nyingi. Anza na ile iitwayo Oceania. Mwaka 1946, akiwa Paris, alikata mbayuwayu wa karatasi nyeupe na kumbandika ukutani kufunika doa. Wakafuata samaki, mwani na matumbawe, hadi ukuta ukajaa. Vyote vilitoka kwenye kumbukumbu za safari ya Tahiti aliyoifanya mwaka 1930, miaka 16 nyuma. Nyeupe juu ya rangi ya mchanga, basi. Hiyo ndiyo shida ya kumpa mtoto: kukata bahari kutoka kichwani, bila kuchungulia.

Wapeleke pwani maji yanapokupwa. Hakuna daftari wala simu ya kupigia picha. Waguse mwani, wainame wautazame mkoko ulivyoshika tope, watazame tumbawe lililokufa lilivyo na matundu. Kukata kunafanyika kesho yake. Usiku mmoja katikati unasaidia, kwa sababu mtoto husahau vijambo vidogo na kubaki na umbo kuu, na umbo kuu ndilo mkasi unaloliweza.

Kila mtoto anahitaji karatasi nyeupe sita za A4, kipande cha karatasi ya kaki cha urefu wa mita moja, pini kama ishirini na mkasi unaokata kweli. Mkasi butu ndio unaoharibu somo hili kuliko kitu kingine chochote: unatafuna karatasi, mtoto anavuta, karatasi inachanika, kilio. Ukuta wa mawe hauingii pini, kwa hiyo ning'iniza mkeka wa ukili na upachike kaki juu yake. Ukili unashika pini barabara na hauharibiki.

Penseli iwekwe mbali. Mtoto akichora kwanza, macho yake yanaufuata mstari badala ya umbo, na mkasi unakwenda kwa kudokoa. Mwonyeshe mkono wa mkasi ukikaa mahali pamoja huku mkono mwingine ukiizungusha karatasi. Wengi hufanya kinyume, wanazungusha mkasi mpaka kiwiko kinaelekea darini. Mwonyeshe pia kukata kwa sehemu ya ndani ya mkasi, karibu na ungio, na kutoufunga hadi ncha. Kila unapofungwa hadi ncha, pembe ndogo inabaki kwenye ukingo, na jani la mwani linatoka na meno ya msumeno.

Weka sharti moja: umbo lolote lisiwe dogo kuliko kiganja cha mwenye kulikata. Bila sharti hilo utapata visamaki arobaini vya ukubwa wa ukucha. Mabaki ya karatasi, ile tundu iliyoachwa na umbo, yasitupwe. Mara nyingi tundu ni zuri kuliko kilichokatwa, na Matisse mwenyewe alitumia vyote viwili.

Vipande vikae na pini hadi siku inayofuata. Vihamishwe, vipunguzwe. Ndipo gundi. Ya unga wa ngano inatosha: nusu kikombe cha unga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, mimina kwenye kikombe kingine cha maji yanayochemka, pika moto mdogo ukikoroga kwa dakika tatu au nne hadi iwe nzito na ianze kung'aa. Ukichemsha karafuu tatu nne ndani ya yale maji kwanza, gundi inachelewa kuota ukungu. Hata hivyo, kwa joto la Lamu bila friji usiitegemee zaidi ya siku mbili. Ikichachuka, mwaga.

Makunyanzi ndiyo lalamiko la kawaida hapa, na sababu yake ni kwamba karatasi ikilowa inatanuka. Ukiibandika mara tu baada ya kuipaka, inaendelea kutanuka ikiwa tayari imeshikwa, haina pa kwenda ila juu. Paka gundi nyembamba mgongoni mwa umbo, subiri dakika moja ilegee, kisha ilaze ukianzia katikati na kusukuma kwenda pembeni kwa kitambaa kikavu.

Watoto wa miaka tisa na kuendelea wanaweza kurudi baadaye kwenye karatasi za rangi, na wazipake wenyewe. Zitajikunja kama gome, kwa sababu upande mmoja umelowa na mwingine haukulowa. Zikikaribia kukauka, lowesha upande wa nyuma kidogo kwa sponji, zilaze kati ya magazeti, weka vitabu juu, lala.

Kuna nyumba zisizopenda picha za viumbe vyenye roho, na mwalimu wa nyumbani hana sababu ya kugombana na hilo. Kwenye kazi hii acha samaki na ndege, baki na mwani, matumbawe, majani ya mkoko na mawimbi. Hakuna kinachopungua. Nakshi na ile kazi ya vifuniko iliyo mwishoni hazina kiumbe hata kimoja.

Hokusai anahitaji watoto watatu

Wimbi Kuu lilichapishwa mnamo 1831, Hokusai akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Watu husema "Hokusai alichora", na hapo ndipo somo linapopotea, maana kile tunachokiona ni chapa ya mbao, na chapa za Japani za wakati huo zilikuwa kazi ya karakana. Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuichonga pamoja na ubao, kwa hiyo mchoro wa asili ukafa hapo hapo. Mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi, ubao mmoja kwa kila rangi. Mwenye duka la kuchapisha, Nishimuraya Yohachi, ndiye aliyeitoa na kuiuza.

Kwa nyumba yenye watoto wa umri tofauti hii ni neema. Mdogo anachora, mkubwa anakata, wa kati anachapa. Mwambie yule mdogo mapema kwamba mchoro wake utaangamia, na kwamba wa Hokusai uliangamia vilevile. Asipoambiwa utakuwa na msiba ndani ya nyumba.

Ubao wa mcheri hatuna, lakini kandambili zilizotupwa na bahari zimejaa fukweni. (Flipflopi, ile jahazi ya mita 9 iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa vipande vya kandambili za kila rangi, ilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ni mfano mzuri wa kuwaonyesha watoto kabla ya kwenda kuokota.) Osha kwa sabuni na suuza mara mbili kwa maji yasiyo ya chumvi, chumvi ya bahari iishe, la sivyo gundi haishiki. Anika siku nzima.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kujaribu kuchora kwenye mpira huo kwa kukandamiza kalamu. Mstari unaonekana, unafurahi, baada ya dakika chache mpira umerudi ulivyokuwa. Lazima ukatwe kwa wembe au kisu chembamba, na hiyo ni kazi ya mtoto wa miaka kumi na moja kwenda juu, mtu mzima akiwa kando. Kosa la pili halionekani mpaka siku ya kuchapa: kandambili iliyovaliwa imelika kisiginoni. Ukibandika kisigino na sehemu ya mbele kwenye ubao mmoja, kisigino kitakuwa chini kwa milimita tatu nne na hakitatoa rangi. Pima kwa rula, au ongeza kadibodi chini ya kipande chembamba mpaka vyote vilingane.

Panga hivi. Karatasi ya mchoro iwe sentimita 15 kwa 20, mistari minene, wimbi na dau na labda kisiwa kwa mbali. Ipake mafuta ya kula kidogo kwa pamba ili mistari ionekane nyuma. Igeuze kifudifudi na uishikize kwa pini juu ya vipande vya mpira, maana iliyopakwa mafuta haitashika gundi ya unga. Kata ukifuata mistari inayoonekana. Kwa kuwa mchoro uko kinyume, chapa itatoka sawa. Asiyegeuza atapata dau linalokwenda upande mwingine, na kama mtoto ameandika jina lake, litasomeka kwa kioo. Maumbo ya buluu nyepesi yabandikwe kwenye kibao kimoja, ya buluu nzito kwenye kibao cha pili chenye ukubwa uleule. Gundi ya viatu inashika vizuri, lakini moshi wake si wa watoto: ibandike wewe, nje, upepo ukikupiga mgongoni.

Ili rangi mbili zikutane, wachapaji wa Kijapani walichonga alama mbili ubaoni: moja ya pembe, nyingine ya ukingo, ambazo karatasi husukumwa izifikie. Wewe bandika vipande viwili vya kadibodi nene kwa mpango huo kwenye kila kibao, kimoja kikiwa na umbo la pembe mraba chini kulia, kingine kikiwa mstari mnyoofu chini kushoto. Karatasi ikigusa vyote viwili kila mara, rangi zitakutana.

Rangi ya maji peke yake inakimbia na kujaza mifereji. Changanya vijiko viwili vya rangi nzito na kijiko kimoja cha gundi ya unga. Wajapani walitumia gundi ya wali kwa sababu iyo hiyo. Karatasi iwe na unyevu bila kulowa: ilowanishe kwa sponji, ilaze kati ya karatasi mbili kavu ndani ya taulo kwa nusu saa. Paka rangi nyembamba kwa brashi, laza karatasi ukifuata alama, sugua nyuma yake kwa mgongo wa mwiko kwa miduara midogo.

Chapa za kwanza tatu zitakuwa mbaya, na zihesabiwe kuwa za majaribio tangu mwanzo. Zikitoka na madoa meupe, rangi ni kavu au msuguo ni mdogo. Mistari ikijaa, rangi ni nyingi. Rangi ya pili ikikataa kulingana na ya kwanza ilhali alama ziko sawa, karatasi imekauka na kusinyaa katikati ya kazi: rangi zote mbili zichapwe katika kikao kimoja. Wakati wa kusi, hewa ikiwa nzito, una nafasi kubwa. Kaskazi inapovuma rangi inaweza kukauka juu ya kibao kabla karatasi haijafika, basi fanyeni kazi ndani na dirisha lifungwe.

Mkisubiri zikauke, rudini kwenye picha ya Hokusai. Mtoto wa Lamu ataona lisiloonwa na wa bara: madau matatu, wapiga makasia wameinama vichwa, hakuna tanga. Yalikuwa madau ya kukimbiza samaki sokoni. Mwulize, kama angekuwa nahodha, angelipeleka dau wapi dhidi ya wimbi lile. Halafu aonyeshe mlima Fuji uko wapi. Wengi huudhani ni wimbi jingine. Na ile buluu nzito ilikuwa bidhaa ya kigeni, iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kuletwa Japani na wafanyabiashara wa ng'ambo. Watoto wa mji wa bandari hawahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Mafundi wasio na majina

Itakuwa ajabu mtoto wa Lamu amjue Matisse asijue zidaka za kwao, vile vishubaka vya ukutani. Nyumba kongwe za mawe zina kuta zenye safu za zidaka na nakshi zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka, nyingi zikiwa za karne ya 18. Mafundi wake hawakuandika majina. Mwambie mtoto hivyo hivyo, kwamba kuna sanaa yenye majina na sanaa isiyo na majina, na ubora haufuati jina. Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili yana mifano ya kutazamwa kwa utulivu, na milango ya nakshi iko mtaani bila malipo.

Mkienda, msizunguke mkisema "nzuri, nzuri". Chagueni ukanda mmoja wa nakshi. Mtoto atafute kipimo kinachojirudia, ahesabu kimejirudia mara ngapi, halafu atazame pembeni. Pembe ndiyo shida ya fundi: ukanda umeshuka wima, sasa unapaswa kugeuka uende mlalo, na hesabu haitaki kugawanyika sawa. Mafundi wengine waliweka ua pembeni, wengine walikata kwa mshazari, wengine walibana kipimo cha mwisho kwa matumaini kwamba hakuna atakayeona. Watoto wakishagundua mbano mmoja, wanautafuta kila mlango.

Chokaa inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo nyumbani tumia jipsamu, unga mweupe wa plasta. Omba ile wanayomimina mafundi wa mapambo ya dari. Ya kusiliba ukuta hukawia kuganda na hubaki laini. Kwa kibao cha sentimita 15 kwa 15, unene sentimita 2, unahitaji maji mililita 300 na jipsamu mililita 600, yaani moja kwa mbili kwa kipimo cha kikombe kilekile. Paka kopo la plastiki mafuta. Nyunyiza unga juu ya maji, usimimine maji juu ya unga, la sivyo madonge. Uache uzame dakika moja, koroga taratibu bila kupiga povu, mimina, gongagonga meza ili mapovu yapande.

Maji ndiyo mtego wa hapa kwetu. Chumvi huharakisha jipsamu kuganda, na maji ya visima vingi yana chumvi. Utaona mchanganyiko unakushikia kijiko ukiwa bado unakoroga, na ukifanikiwa kumimina, siku chache baadaye unga mweupe wa chumvi utatokea juu ya nakshi. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Kikombe chenye mabaki makavu ya jana nacho huharakisha, kwa hiyo kisafishwe, na maji ya kusafishia yamwagwe nje kwenye shimo. Yakiingia kwenye bomba yatagandia humo. Mtoto asitumbukize mkono ndani ya jipsamu inayoganda, maana inapata joto la kutosha kuunguza.

Baada ya nusu saa kibao kinatoka. Sasa hivi, kikiwa na unyevu, ndio wakati wa kuchonga, na kitachongeka siku nzima ukikifunika kitambaa kilicholowa. Kuchonga kikavu kunatoa vumbi lisilofaa kifuani. Zana ni msumari wa inchi tatu, ncha ya kijiko cha chai, spoku ya mwavuli.

Chora nakshi kwanza kwenye karatasi, ihamishe kwa kutoboa vitundu, kisha anza. Hapa watoto wote, na watu wazima pia, hukwaruza mistari. Mstari uliokwaruzwa ni mchoro. Nakshi ya zidaka inataka ardhi ishuke na umbo libaki juu. Mpe mtoto penseli atie kivuli sehemu zote zitakazoshushwa, ashushe hizo tu, milimita tatu, ubao wote kiwango kimoja. Ukitaka kujua kama amefaulu, kipeleke kibao kwenye jua la saa kumi linalokuja kwa upande: vivuli vitasema.

Wawili kwa haraka

Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyeanza kuchora mnamo 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia vipande vya hadibodi ya kujengea na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Shida yake ilikuwa bei. Rangi ya mafuta haifai watoto kwa sababu ya tina ya kuiyeyushia, basi chukua kadibodi na mabaki ya rangi ya ukuta. Sharti: rangi nne, usuli wa rangi moja upakwe kwanza ukauke kabisa, kisha umbo moja kubwa linalogusa kingo. Usiwaonyeshe michoro ya kuuzia watalii kabla hawajamaliza, watainakili.

Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935, huchora ruwaza za Kindebele kwa unyoya wa kuku, bila rula. Mwaka 1991 alichora gari zima la BMW. Tafuta unyoya wa bawa, punguza ncha kwa mkasi, chovya kwenye rangi yenye uzito wa mtindi, vuta mstari wa sentimita 30 kwa pumzi moja. Ukitetemeka, kasi ni ndogo mno. Zoezi hili linatuliza chumba kizima, na sijui linalolishinda kwa watoto wenye papara.

Anatsui na takataka za nyumba yenu

El Anatsui alizaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe, akavibapaza, akavikunja na kuviunga kwa waya wa shaba, mpaka vikawa mashuka makubwa ya chuma yanayolegea kama nguo. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Vifuniko vile kwake vinabeba habari za biashara kati ya Ulaya na Afrika, ambamo pombe ilikuwa bidhaa.

Shida ya mtoto basi ni hii: takataka za nyumba yenu zinasema mnafanya biashara na nani? Wakusanye kwa wiki mbili pakiti za maziwa, za chai, za biskuti, vifuniko vya mtindi. Vifuniko vya soda viache: ni vya bati gumu, havikunjiki, na meno yake yanakata. Pakiti zioshwe na kukaushwa siku hiyo hiyo, kwani maziwa yaliyosahaulika yataita sisimizi na nzi.

Kata vipande vya sentimita 4 kwa 4. Kunja kingo zote kwa ndani milimita 5, ili ukali usibaki na tundu lipite kwenye tabaka mbili. Tundu lililotobolewa kwenye tabaka moja litachanika kazi ikining'inizwa. Toboa pembe nne kwa msumari juu ya kipande cha kandambili. Waya uwe wa shaba kutoka kwenye kebo ya zamani ya umeme, menya wewe, kata urefu wa sentimita 6. Unapitishwa, unasokotwa mara tatu, ncha inalazwa nyuma. Usikaze. Kazi ikikazwa inakuwa ubao, haikunjiki tena, na kukunjika ndiko kunakoifanya iwe ya Anatsui.

Kila mtoto atengeneze shuka la vipande kumi kwa kumi. Kwa mtoto wa miaka minane hiyo ni kazi ya vikao vinne au vitano, kwa hiyo usiahidi kumaliza Jumamosi. Mashuka yakishatimia, yaungeni, na ugomvi wa nani akae juu uamuliwe na wao. Anatsui huwaachia wanaotundika kazi zake waamue zikunjweje, hivyo watoto wana ruhusa ya kuibadilisha kila wiki.

Usishawishike na waya wa kufungia nondo kwa sababu ni rahisi. Kwa hewa ya bahari utaota kutu upesi na kutia madoa mekundu kwenye pakiti na ukutani. Shaba hugeuka kijani polepole na inapendeza. Kama kazi itakaa ndani na si barazani, hata mshipi wa nailoni wa kuvulia unatosha, ila fundo lifungwe mara tatu, maana nailoni huteleza.